Mama wa Mkeka wa Kibomet

Mara ya kwanza kukutana na yule mama, alininyima mjukuu wangu. Mchana kweupe. Nilikuwa nimetoka Myanga na ndizi kichwani na kuku kwapani, nikaelekezwa kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Kibomet, Kitale, nikabisha. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa mama yake Joy, nimekuja kumchukua mtoto. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye raba zangu zenye matope.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kitambaa gani?"

"Cha mtoto."

"Mimi si mtu wa vitambaa. Mimi ni kukhu wake, nyanya yake. Angalia hii pua. Si ndiyo pua ya mtoto?"

"Pua naiona," akasema. "Kitambaa sijakiona."

Akaurudisha mlango. Hakuubamiza, aliurudisha polepole mpaka nikasikia komeo likiingia. Nikakaa kwenye jiwe nje na kuku wangu, nikimtukana kwa Kibukusu tangu saa saba hadi binti yangu alipotoka kazini. Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akanieleza. Mtoto akiletwa siku ya kwanza, yule mama alikuwa anakata kipande cha leso ya mama wa huyo mtoto, halafu anakikata tena katikati, makasi yakienda ovyo kama njia ya panya. Nusu moja anaishona kwenye mfuko wa mtoto, nusu nyingine anampa mzazi. Anayekuja kumchukua mtoto lazima alete nusu yake, zilingane. Awe baba, awe shangazi, awe mchungaji wa kanisa. Kuandika hakujua sana, na sura za watu zilimchanganya, lakini mkato wa makasi yake aliujua.

Siku hiyo nilisema huyu mama ana kiburi. Siku hizi nikihadithia wanawake wenzangu kule Myanga, nasema hivi: mjukuu wangu amelelewa na mtu ambaye hata mimi sikumpita.

Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Hakunituma nimtangaze. Watu wa ploti walimwita Mama wa Mkeka, na mimi nitamwita hivyo. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga. Kimoja cha kulala, kingine hakikuwa na kitu ila mkeka mkubwa uliotoka ukuta hadi ukuta. Meza hakuna, kiti hakuna, televisheni hakuna. Nilimuuliza mbona anaishi kama mtu aliyeibiwa. Akasema, "Kukhu, mtoto akiona kitu anapanda, akipanda anaanguka. Nimeondoa vya kupanda. Sasa aanguke kutoka wapi?"

Niseme ukweli, mimi sikupenda mambo ya dekea, ya kumlipa mtu akulelee mtoto mchana. Kwetu mtoto analelewa na nyanya yake, basi. Nilitaka Joy aletwe Myanga. Binti yangu akakataa. Anafanya kazi ya kufunga mbegu za mahindi kwenye paketi, anatoka alfajiri na kurudi jioni, lakini alitaka amnyonyeshe mtoto asubuhi na jioni, amwone na macho yake. Kwa hivyo kila mwezi nilikuwa nakuja Kitale, nasema nimekuja kusalimia. Uongo. Nilikuja kupeleleza. Nilitafuta kosa la yule mama kama mtu anayetafuta chawa kichwani.

Nilikuwa nafika mapema, nakaa kwenye kona ya mkeka, naangalia. Mlango ulifunguliwa saa kumi na moja na nusu asubuhi. Kila mama alisimamishwa pale kizingitini. Amelala vipi? Amekula nini? Choo kilikuwa vipi, kigumu au maji? Mwenye haraka alijibiwa hivi: "Una haraka? Basi nenda naye." Kisha anamgusa mtoto shingoni na nyuma ya mkono. Mwenye homa alirudishwa. Mwenye kikohozi alirudishwa. Niliona mama mmoja akilia, akisema tajiri wake atamfukuza.

"Pole sana, mama," akamwambia. "Lakini huyu mmoja akiingia, kesho ni wote, na mama zao wote watakosa kazi. Mpeleke kliniki. Kadi ikisema sawa, mlete hata saa sita."

Akageuka kwangu. "Watoto hawana shida, Kukhu. Mimi kazi yangu ni kuchunga mama zao."

Jambo lingine, alikataza mama kutoroka. Mnajua vile tunafanya, mtoto akigeuka unachomoka, ukirudi unasema "nilikuwa tu hapo." Yeye alikuwa anasema, "Muage. Mwambie unaenda kazini, utarudi jua likishuka. Alie akuone. Huyo wa kutoroka, mtoto atakuwa anamchunga siku nzima, hachezi." Nikamwambia hayo ni mambo ya wazungu. Akaniambia wazungu hawajawahi kumlipa hata kikombe cha chai, hayo ameyatoa kwenye mkeka wake.

Na kazi yenyewe, bana, sijaona kazi kama hiyo. Alikuwa anakula amesimama, sahani juu ya dirisha, mmoja mgongoni na mmoja ameshika sketi. Uji wa wimbi alipika nje, mlangoni, ili macho yawe ndani na mkono uwe nje, na ule moshi wote alivuta yeye. Miaka mingi hakuwa amekwenda matanga siku ya kazi, hata ya jirani. Na choo! Choo cha ploti kiko upande ule mwingine. Yeye akitaka kwenda, lazima amngoje jirani atoke kuchota maji amsimamie. Siku moja nikiwa nimekaa pale aliniambia, "Kukhu, shika hawa dakika tano," akatoka mbio akiwa ameinama. Nilicheka. Aliporudi hakuwa anacheka. "Tangu asubuhi," akasema.

Nilimuuliza kama wake mwenyewe aliwalea hivyo hivyo. Alikuwa anakunja nepi. Akasema, "Wangu walilelewa na mama yangu, kule kwetu Saboti. Mimi nilikuwa hapa mjini nafulia watu nguo na kubeba watoto wao." Akaendelea kukunja.

Sasa niseme ya sikio, ambayo ni kosa langu mimi mwenyewe. Joy alikuwa na miezi minane, akalia siku tatu. Kwetu Bungoma mtoto mchanga akilia bila kukoma, tunajua kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka jina lake. Unakaa unataja majina ya wafu, moja moja, na mtoto akinyamaza kwa jina fulani, hilo ndilo lake. Nilitoka Myanga mbio, nikaingia pale na shuka langu la kanisani, nikampakata mtoto katikati ya mkeka. Nanjala? Analia. Namarome? Analia. Nekesa? Huyo ni mama yangu mzazi. Mtoto akavuta pumzi, kimya! Nikapiga kigelegele, watoto wengine wakashtuka wakaanza kulia wote.

Mama wa Mkeka alikuwa amepiga magoti kando, pua yake kwenye kichwa cha mtoto.

"Umemaliza, Kukhu?"

"Nimemaliza. Ni Nekesa."

"Sawa. Nekesa anaumwa na sikio. Linanuka. Mimi siwezi kutoka, nina hawa kumi na mmoja. Mpeleke hospitali sasa hivi, na usipitie kwa mtu kusalimia."

Daktari alitoa usaha. Alisema tungengoja, sikio lingeharibika. Kule Myanga wanasema jina ndilo lililomponya, na mimi siwakatazi. Lakini najua. Nilipomrudishia mtoto nilitaka kuona kama atanicheka. Hakucheka. Aliniambia hata kwao wanaita majina. "Mimi pia naita," akasema, "lakini hunusa kwanza."

Msifikiri alikuwa malaika. Alikataza peremende mkekani na yeye mwenyewe alikuwa nazo kwenye kona ya leso, akidhani hatusikii meno yake. Ukimwambia jambo zuri anakasirika. Baba mmoja alikuja amelewa, anataka mtoto bila kitambaa, akatishia kuvunja mlango. Yeye akasimama pale na mwiko, akamwambia, "Vunja, halafu utengeneze, kwa sababu kesho utakuja kunisalimia vizuri." Mwanaume akaenda zake. Lakini mtu akitoa kalamu na faili, yule mama alikuwa anatetemeka. Karatasi ilimtisha kuliko panga.

Ndiyo sababu siku afisa wa afya alipokuja, Joy akiwa na miaka mitatu, mimi nilimwonea huruma. Alikuwa msichana mdogo tu, na mkoba, na futi ya kupimia. Alisema watu wote wanaolea watoto nyumbani sasa lazima wawe na cheti, asiyekuwa nacho atafungiwa. Akapima chumba. Akahesabu watoto. Akasema chumba kile na mtu mmoja ni watoto wanane, si kumi na wawili. Akataka lango lenye kufuli, maji yenye mfuniko, jiko likae mbali na mtoto, choo chenye tundu dogo ambalo mtoto hawezi kuingia. Kitabu cha kuandika nani ameleta na nani amechukua. Karatasi ya polisi ya kusema hujawahi kushikwa. Mafunzo ya huduma ya kwanza. Na mlezi mwenyewe apimwe hospitalini.

Mama wa Mkeka alimsikiliza mikono ikiwa imeshikana tumboni kama mtoto wa shule. Mwisho akauliza, "Nisipopata hiyo karatasi, hawa wataenda wapi?"

Msichana akasema, "Ndio maana nataka uipate, mama."

Akaitafuta. Nilikuwa shahidi. Alimbana fundi wa ploti mpaka akamtengenezea ubao wa choo wenye tundu dogo. Kitabu akanunua, mama zao wakawa wanajiandikia wenyewe, lakini vitambaa hakuacha. Watoto wanne aliwatoa, na alichagua mwenyewe waziwazi, mbele ya wazazi: wewe una mama mkwe nyumbani, wewe bwana yako hana kazi, alee. Walimnunia. Kule kwenye mafunzo, mwalimu alimshika mwanasesere mguu mmoja, kichwa kinaning'inia, akiendelea kuongea. Mama wa Mkeka akasimama.

"Shika kichwa."

"Mama, huyu ni wa plastiki."

"Hawa wote wanakuangalia wewe. Shika kichwa!"

Ikabaki kupimwa. Pale mjini kulikuwa na kijana aliyekuwa anatoa kadi za afya bila mtu kupimwa. Unaleta picha mbili, jioni unachukua. Jirani yake alimletea habari hiyo kama mtu aliyemletea nyama. "Hata hutatema kwa kikombe," akamwambia. Mama wa Mkeka akamuuliza, "Sasa nisipotema, watajuaje kama niko sawa?" Akaenda hospitali.

Alikuwa anakohoa. Sisi sote tulijua. Mimi mwenyewe nilimletea mwarobaini kutoka Myanga, nikasema ni ule moshi wa jiko. Daktari alimsikia akikohoa kwenye foleni, akamwambia atoe makohozi. Ilikuwa kifua kikuu.

Nilikuwa Kibomet siku hiyo, kwa hivyo sikuhadithiwa. Aliwaita wazazi wote jioni. Hakuwaingiza ndani. Alisimama nje karibu na lango jipya, leso amejifunga mdomoni, watoto wakiwa upande wetu. Akasema, "Nimepatikana na TB. Watoto wenu wamelala na mimi humu. Kesho asubuhi wote waende wapimwe, nimeongea na daktari, anawangoja. Mimi nafunga leo."

Mama mmoja akapiga kelele. "Ulianza kukohoa lini?"

"Tangu mvua ilipoanza."

"Na mtoto wangu akikohoa unamrudisha! Unatuuliza sisi maswali kila asubuhi, na wewe je?"

"Ndiyo. Wenu nilikuwa nawapima, mimi sikujipima," akasema. "Nilidhani ni moshi. Nimekosa."

Hakuna aliyekuwa amemsikia yule mama akisema hilo neno. Na mimi, ambaye sasa nasimulia sifa zake, ndiye niliyetoa maneno mabaya kuliko wote. Nilimwambia asiguse tena mtoto wa ukoo wetu mpaka afe. Niliyasema kwa sauti, ploti nzima ikasikia, na nikamvuta Joy mkono. Yeye aliinamisha kichwa tu.

Kesho yake watoto wote wakapimwa. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Wakapewa dawa ya kuzuia, na daktari akatuambia kama yule mama angenunua ile kadi ya jioni, angekaa nao miezi mingine, na hapo yeye daktari angekuwa anaongea na sisi habari nyingine. Nilisikia. Lakini moyo wangu ulikuwa bado moto.

Mama wa Mkeka akaenda Saboti kwa kaka yake, kumeza dawa za miezi sita. Binti yangu akajaribu dekea nyingine. Huko watoto walikuwa wengi hata mwenyewe hajui idadi, na mchana wananyweshwa dawa ya mafua ili walale. Joy alirudi siku ya tatu akiwa na nguo iliyokauka na mikojo na macho mazito. Basi akaletwa kwangu Myanga. Kile nilichokuwa nakitaka tangu zamani, nikakipata.

Wiki ya kwanza niliamka niende shambani. Nikamwacha na mke wa mwanangu, nikachomoka kwa mlango wa nyuma kama tulivyozoea. Nilipofika kwenye migomba nikasikia nyayo. Mtoto amenifuata peku, umande hadi magotini, hajalia hata kidogo. Akasimama mbele yangu.

"Kukhu, hujaniaga."

Nilitua jembe. Nikamwambia, "Naenda kupalilia. Nitarudi jua likiwa hapa." Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema haya, akageuka, akaenda kucheza. Sikupalilia vizuri siku hiyo. Nilikuwa nafikiria nani amemfundisha mtoto huyu kusimama mbele ya mtu mzima na kudai haki yake bila kulia. Si mimi.

Mwezi uliopita nilikuwa Kibomet tena. Joy sasa anaenda chekechea, na binti yangu amepata mwingine, mvulana wa miezi minne, mzito kama gunia la viazi. Likizo yake ya uzazi ilikuwa imeisha. Akaniambia, "Mama, amerudi. Amepona, amepewa cheti. Amefungua wiki mbili sasa na hakuna hata mtu mmoja amepeleka mtoto. Wanaogopa." Halafu akaniangalia. Alikuwa anangoja mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga yule mama mdomo mbele ya watu.

Nikamwambia, "Lete mtoto hapa. Nitampeleka mwenyewe."

Saa kumi na mbili asubuhi wanawake walikuwa kwenye mfereji, wamepanga mitungi. Waliponiona na mtoto mgongoni wakageuka wote kunitazama. Nikawaambia, "Choteni maji, mimi si sinema." Nikapita.

Mlango ulikuwa wazi. Mkeka umeoshwa, umetandikwa wote, hakuna hata sisimizi. Yeye alikuwa amekaa kwenye kona, amekonda, nywele zimeingia mvi mbele. Ukutani cheti, kwenye fremu ya kioo. Chini yake karatasi ya hospitali, na hiyo pia ameiweka fremu. Akasimama haraka, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Soma kwanza, Kukhu," akasema, akionyesha ile karatasi.

"Unajua mimi sisomi hivyo vidudu."

"Basi mwite mtu akusomee."

"Binti yangu amesoma. Daktari amesoma. Mimi nimekuja kuomba msamaha na sina mikono, nimebeba mtoto. Mchukue, nipate kuongea vizuri."

Hakunyoosha mikono. Huyu mama niliyemwona akimzuia mlevi kwa mwiko, alikuwa anamwogopa mtoto wa miezi minne. Nikaona mimi ndiye niliyefanya kazi hiyo. Nikafungua leso, nikamtoa mvulana, nikampeleka mpaka pale ukutani na kumwekea kifuani. Ikabidi amshike, angeanguka.

Walitazamana. Yeye akageuza uso kando asimpumulie. Mtoto akamshika kidevu na kumrudisha. Nikafungua mdomo niombe msamaha wangu niliokuwa nimeupanga njia nzima, na hapo hapo mvulana akakojoa. Nepi nilikuwa nimeifunga vibaya. Mkojo ukapita wote, ukateremka kwenye blauzi safi, kwenye sketi, hadi mguuni.

Mama wa Mkeka akajiangalia. Akaanza kucheka. Si kicheko kidogo, alicheka mpaka akateleza na ukuta akaketi chini, mtoto juu ya magoti yake, machozi yakitoka, na kule kwenye mfereji wanawake wakaacha mitungi wakaja kuchungulia langoni.

"Ingieni," akawaambia, akijifuta uso kwa bega. "Sasa ndio nimefungua."